Mgeni wa Mimbarini

Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikingoja kahawa, nikamwona mgeni anakuja. Alikuwa mchungaji mkuu mpya wa kanisa lililo mitaa miwili kutoka kwangu. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, atokaye bara, Kiswahili chake cha vitabuni, na viatu alivivua kabla hajaambiwa. Nilimpenda kwa hilo. Tulipokwisha kujuliana hali, akaniuliza swali ambalo naamini lilikuwa limemkaa kooni siku nyingi.

"Maalim," alisema, "wewe umezaliwa hapa. Watu wa hapa wanataka nini kwa mtu anayesimama mbele yao?"

Nalicheka kwanza, kisha nikaona mwenzangu hana kicheko. Akanieleza taabu zake. Aliyemtangulia alilitumikia kanisa lile miaka 22. Amestaafu, lakini hakuhama. Kila Jumapili huketi safu ya mbele, na mahubiri yakiendelea watu humtazama yeye waone kama ametikisa kichwa au amekunja uso. Mtu akifiwa, huitwa yeye. Binti akiposwa, huitwa yeye. Funguo za kabati la hesabu zimo mikononi mwa wazee wa kanisa, na huyu mgeni hajapata kuliona kabati hilo likifunguliwa. Wanakwaya nao, walipoombwa wafupishe wimbo mmoja, wawili hawakurudi tena.

"Si kwamba wananichukia," aliniambia. "Wananisalimu vizuri sana. Wananingoja tu."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Wananingoja tu. Humngoja afanane na yule aliyetangulia, au humngoja akosee.

Huenda msomaji akauliza, huyu mzee aliyelelewa chuoni kwa ubao na wino ana nini na mambo ya kanisa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Dini zetu ni mbalimbali na itikadi zetu hazichanganyiki, lakini mwanadamu anayepandishwa mahali pa juu mbele ya wenziwe, na wenziwe wanaoketi chini wakimpima, hao ni wale wale, msikitini na kanisani. Ndipo nikamsimulia mgeni wangu kisa cha mchungaji mwingine aliyekuwa mgeni kama yeye, katika mji wa mbali. Nacho ndicho nitakachokisimulia hapa.

Mji huo ni Montgomery, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Pale pana kanisa la matofali mekundu la watu weusi wa madhehebu ya Baptisti, lililokuwa likiitwa Dexter Avenue. Lilianzishwa mwaka 1877, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa, na waanzilishi wake walikusanyika kwanza mahali ambapo wafanyabiashara walikuwa wakiwafungia watumwa wa kuuzwa. Hatua chache kutoka mlango wake lipo jumba la serikali ya jimbo, ambalo mwaka 1861 aliapishwa mbele yake Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Waumini wa Dexter kila Jumapili walikwenda kumwabudu Mungu wao chini ya kivuli cha jumba hilo.

Yafaa ijulikane kwamba kwa Wabaptisti hakuna askofu wa kumtuma mtu. Hapa kwetu Wakatoliki na Waanglikana hupelekewa kiongozi na askofu wao. Kwa Wabaptisti waumini wenyewe humwita mtu, humsikiliza, humpigia kura na humlipa, na wakimchoka humwambia afungashe. Hali hiyo haiko mbali na yetu, maana imamu wa mtaa aghalabu huwekwa na kamati ya msikiti au msimamizi wa wakfu, na hao hao ndio wanaoweza kumwondoa.

Dexter lilikuwa kanisa la wakubwa: walimu wa chuo, madaktari, watu wa kola nyeupe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1952 mchungaji wao alikuwa Vernon Johns, msomi wa lugha za kale na mtu wa ulimi mkali. Aliwakemea waumini wake kwa kuona haya kazi za mikono. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza mboga na samaki, na watu wa kanisa wakifa kwa aibu. Aliwakemea zaidi kwa kunyamaza mbele ya dhuluma za wazungu. Husimuliwa kwamba siku moja katika basi alikataa kuondoka kitini, akawaita watu weusi waliokuwamo washuke pamoja naye, wala hakuna aliyemfuata. Alitoa barua ya kujiuzulu mara kadhaa, akidhani atabembelezwa. Mara ya mwisho mashemasi waliipokea.

Sasa wazee wa Dexter wakatafuta mtu asiyefanana na Johns hata kidogo. Walimpata kijana wa miaka 25, mtoto wa mchungaji maarufu wa Atlanta, mpole wa maneno, aliyekuwa akimalizia masomo yake ya udaktari wa falsafa huko Boston. Jina lake Martin Luther King.

Leo tukilisikia jina hilo twaona sanamu na sikukuu. Siku hiyo alikuwa kijana aliyekuja kujaribiwa. Mwezi wa Januari 1954 alisimama mbele ya wasomi wale, na yeye mwenyewe aliandika baadaye jinsi alivyobabaika: je, aonyeshe elimu yake apate kuwapendeza, au ahubiri kama alivyozoea na kumtegemea Mungu? Mwisho akajiambia nafsini kwamba akimweka King nyuma na Mungu mbele, mambo yatakuwa sawa. Nadhani hakuna khatibu yeyote duniani, wa dini yoyote, asiyeijua vita hiyo ya dakika tano za mwisho kabla ya kupanda ngazi.

Walimpenda, wakamwita. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisafiri kati ya Boston na Montgomery, na mwezi wa Septemba 1954 akahamia kabisa na mkewe, Coretta. Hapo ndipo alipofanya jambo lililonishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza. Aliwasomea waumini mapendekezo yake ya mwaka, na akaanza kwa kusema kwamba mamlaka katika kanisa hutoka mimbarini yakishuka kwenye viti, hayatoki kwenye viti yakapanda mimbarini. Kijana wa miaka 25! Mbele ya mashemasi waliomwona Johns akienda zake! Angalikuwa ni hapa kwetu, jioni hiyo mabaraza yote yangalikuwa na habari moja tu.

Lakini tazama alichokifanya baada ya hapo. Mamlaka aliyoyachukua kwa mkono mmoja aliyagawa kwa mkono wa pili. Aliunda kamati nyingi, kila moja na kazi yake: ya fedha, ya kuwapokea wageni, ya kuwasomesha vijana, ya mambo ya utamaduni. Kila muumini aliwekwa katika chama cha mwezi aliozaliwa, ili pasiwe na mtu asiye na mahali pake. Akaunda na kamati ya siasa na mambo ya jamii, akataka kila muumini ajiandikishe kupiga kura na ajiunge na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Wazee wakapata kazi, akina mama wakapata kazi, vijana wakapata kazi. Mtu mwenye kazi hana nafasi ya kukaa akimngoja mwenziwe akosee.

Naye mwenyewe hakulala. Aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika tasnifu yake kwa saa tatu, na usiku akairudia. Mahubiri ya Jumapili moja aliyatengea muda usiopungua saa 15 katika juma. Katikati ya hayo alizika, alioza, aliwazuru wagonjwa. Mwezi wa Juni 1955 akapata shahada yake. Mwezi wa Novemba akazaliwa binti yake wa kwanza. Mwezi huo huo alishauriwa agombee uongozi wa tawi la NAACP, akakataa, akisema ana mtoto mchanga na kanisa lahitaji muda wake. Alitaka kuwa mchungaji mwema wa kanisa moja, basi.

Mungu alikuwa na lake. Tarehe 1 Desemba 1955 Bi. Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumwachia mzungu kiti katika basi. Usiku ule ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na muumini wa Dexter aliyekuwamo katika ile kamati ya mambo ya jamii, alikaa kwenye mashine ya kurudufu akachapa maelfu ya karatasi za kuwaambia watu wasiyapande mabasi siku ya Jumatatu. Jumatatu tarehe 5 mabasi yakapita matupu. Alasiri viongozi wakakutana kuunda chama cha kuongoza mgomo, na Rufus Lewis, naye muumini wa Dexter, akalitaja jina la mchungaji wake awe rais. King alikuwa na miaka 26.

Kwa nini yeye, na mjini wamejaa wachungaji wenye mvi? Sababu mojawapo ilikuwa ugeni wake. Hakuwa wa kundi hili wala lile. Hakuwa na deni kwa mtu, hakuwa na ugomvi wa zamani, na wakubwa wa mji hawakuwa wamepata nafasi ya kumtia mfukoni. Jambo lile lile linalomtesa mchungaji jirani yangu, kwamba hana mizizi hapa, ndilo lililomfanya King afae. Jioni hiyo alitakiwa kuhutubia maelfu ya watu katika kanisa la Holt Street. Yeye aliyezoea saa 15 alikuwa na dakika 20 tu za kujiandaa.

Mgomo ulichukua siku 381. Mwisho wa Januari 1956, usiku, alipigiwa simu ya kutishwa, akashindwa kulala, akaketi jikoni peke yake na kikombe cha kahawa akamwambia Mola wake kwamba nguvu zimemwishia. Siku chache baadaye, tarehe 30, bomu lilitupwa kwenye baraza ya nyumba yake, mkewe na mtoto wakiwa ndani. Walisalimika. Watu wenye hasira walikusanyika na silaha, naye akasimama pale pale penye vipande vya vioo akawaambia waende nyumbani kwa amani. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba ubaguzi ule katika mabasi ni kinyume cha katiba, na tarehe 21 Desemba 1956 watu weusi wakapanda wakaketi walipotaka.

Nataka msomaji aone jambo moja katika kisa hiki, ambalo ndilo nililomwambia mgeni wangu. Husemwa kwamba King aliiamsha Montgomery. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wale waliochapa karatasi usiku na waliolitaja jina lake mchana hawakuanza siku ile. Walikuwa wameketi miaka kadhaa wakimsikiliza Vernon Johns, yule mkali waliyemchoka wenziwao. Johns alilima, akaondoka mikono mitupu. King akaja akavuna. Anayepanda mimbari kwa mara ya kwanza harithi kiti peke yake. Hurithi maneno yote yaliyosemwa pale kabla yake, yaliyopendwa na yaliyochukiwa. Akija akajifanya kwamba historia inaanza naye, atakuwa ametupa urithi wake jaani. Akija akajilazimisha kuwa nakala ya yule wa kwanza, atakuwa nakala tu.

Kwa hiyo nilimshauri mchungaji yule asimwonee haya mzee wa safu ya mbele. "Nenda kwake," nilimwambia. "Usingoje aje kwako. Muulize nani katika watu wako analala na njaa, na nani alimkorofisha nani mwaka gani. Yeye anajua miamba yote. Ukimuuliza, atakuwa mshauri wako. Usipomuuliza, atakuwa kipimo chako."

Sisi Waislamu twapaswa kuyajua haya zaidi ya wote, maana hakuna mtu aliyepata kurithi mahali pazito kuliko Sayyidna Abubakar mwaka wa 11 wa Hijra. Nani angaliweza kusimama baada ya Mtume, rehema na amani zimshukie? Nasi twaijua hotuba yake ya kwanza, tuliisoma tungali wadogo. Hakudai kwamba yeye ni kama aliyetangulia. Aliwaambia watu kwamba amewekwa juu yao naye si mbora wao, wamsaidie akifanya vyema, na wamnyoshe akipotoka. Aliwapa waumini kazi mbili, ya kusaidia na ya kunyosha. Ya kungoja hakuwapa.

Na hapa yanibidi niseme langu, ingawa lachoma.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msikiti mmoja ninaousali, imamu wetu mzee alifariki, Mungu amrehemu. Tukaletewa kijana. Qur'ani yote ilikuwa kifuani mwake, sauti yake nzuri, adabu zake njema. Katika mwezi wa tatu alianzisha darasa la vijana baada ya isha. Katika mwezi wa tano aliomba jambo moja: kodi za nyumba za wakfu wa msikiti zisomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka. Basi. Tangu siku hiyo mabaraza yakaanza. Kisomo chake kirefu. Si wa hapa huyu. Marehemu hakuwa hivi. Marehemu alikuwa akituuliza wazazi wetu, huyu hata majina yetu hayajui.

Hakuna aliyemwendea akamwambia, "Mwanangu, fupisha kisomo, wazee wana magoti." Hakuna aliyempitisha nyumba kwa nyumba ayajue hayo majina. Walimsalimu vizuri sana. Baada ya miezi minane kamati ikamwambia apumzike, naye akaelewa. Nilimwona asubuhi amesimama barabarani na sanduku lake akingoja gari. Nikamwamkua, akaniitikia kwa heshima, nikapita.

Katika mabaraza yale nilikuwamo. Neno baya sikulisema. Lakini neno jema pia sikulisema, nami ni mtu niliyepewa kalamu na ulimi. Nilijidanganya kwamba kunyamaza ni hekima. Leo nasema wazi: kulikuwa kuuza. Zile hesabu za nyumba za wakfu hadi leo hazijasomwa, na wale vijana wa darasa la baada ya isha sijui wako wapi usiku.

Kwa hivyo mchungaji aliponiambia, "Wananingoja tu," nilimwona yule kijana na sanduku lake.

Tusidhani kwamba hata waumini wa Dexter walipata kila walichotaka. Walimwita mtu awe wao, wakalazimika kumgawa na dunia. Safari zilimchukua, na baadhi ya Jumapili mimbari yao ilisimamiwa na wengine. Mwaka 1960 akarudi Atlanta kusaidiana na babake. Lakini mkono wao ulifika mbali, hata hapa kwetu. Mwaka 1959, alipokuwa bado mchungaji wao, King alimkubalia Tom Mboya kumsaidia mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekwenda kusoma Tuskegee, na kanisa la Dexter likawa miongoni mwa waliochanga. Mwaka 1978, miaka kumi baada ya King kuuawa, kanisa hilo liliongeza jina lake katika jina lao. Alikaa kwao miaka mitano na kitu tu.

Mzigo wa mgeni wa mimbarini, basi, nusu ni wake na nusu ni wetu. Yake ni kujifunza majina, kuzuru wagonjwa, kumheshimu aliyetangulia bila kumwabudu, kuwagawia watu kazi, na kutoliuza neno la kweli kwa ajili ya sahani ya pilau. Yetu ni kumlipa mshahara wa kumtosha, kumfungulia kabati la hesabu, kumwambia makosa yake usoni na wema wake hadharani, na kumpa muda. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema mpe jembe kisha mfiche shamba.

Mchungaji jirani yangu alikunywa vikombe viwili vya kahawa akaenda zake. Juzi alipita tena, akaniambia amekwenda kwa yule mzee na wameketi hadi usiku. Kabati bado halijafunguliwa. Nami nimeitunga hii, nusu yake nikampa yeye, na nusu nawapa jamaa zangu wa msikitini, nikianza na nafsi yangu:

Umepewa usukani, chombo kimekunja tanga,
Waulize wa chomboni, walojua zake kunga,
Kuna miamba majini, isiyoonwa kwa mwanga,
Nahodha hajui kina, hadi ashuke apime.

Nanyi mlio chomboni, kazi yenu si kuchonga,
Kumsema kisirini, na usoni kumuunga,
Kamba iwe mikononi, mkilikunjua tanga,
Nahodha hajui kina, hadi ashuke apime.